Primus na Kijiko Kilichoishiwa Nguvu

Primus alikuwa na desturi yake na trekta lile. Kila asubuhi, kabla ya kupanda kitini, aliweka kiganja juu ya pampu ya haidroliki ikiwa bado baridi, akatulia kidogo kama mzazi anayempima mtoto homa. Ndipo alipowasha injini. Alifanya hivyo kwa miaka tisa katika shamba la kahawa la ushirika, na hakuacha hata baada ya shamba kufa na mali zake kupigwa mnada.

Mnada ule nauona mpaka leo. Tuliambiwa huo ndio mwanzo wa maendeleo: serikali iondoe mkono, wenye uwezo wachukue, sisi wengine tutafuata nyuma. Mizani ilikwenda, mashine za kumenya kahawa zikaenda, na mwishowe trekta, lenye beleshi mbele na kijiko cha kuchimbia nyuma, likachukuliwa na Elifuraha, mfanyabiashara wa mbao wa Machame. Primus alichukuliwa pamoja nalo, kama spea iliyosahaulika ndani ya boksi. Wenzake arobaini walirudi kwenye migomba yao na barua za shukrani.

Kijijini kwetu, huku juu Kibosho, zahanati tuliijenga kwa mawe tuliyobeba wenyewe. Ilikuwa na kitanda cha kujifungulia, taa na muuguzi. Maji haikuwa nayo, na bila maji wodi ya wazazi isingefunguliwa. Hapo hata mimi siwezi kubisha. Basi wanawake wenye uchungu walishushwa Moshi kwa pikapu, juu ya mikungu ya ndizi, kwenye barabara isiyofaa hata kwa hiyo mikungu. Mtoto wa kwanza wa Primus alizaliwa ndani ya pikapu hiyo wakati wa masika, akafa kabla hawajaifikia lami. Mwaka 1996 mkewe, Mektrida, alikuwa na mimba tena, na ilibaki wiki moja au mbili.

Mabomba tulikuwa tumeyalaza kutoka chanzo cha maji karibu na msitu. Kilichobaki ni hatua mia tatu za ardhi ngumu, iliyovunja majembe na sururu kwa miezi miwili. Primus alikwenda Machame kumwomba tajiri wake. Elifuraha alikubali, na kwa hilo namshukuru. Trekta lingekuwa letu tangu Jumatano hadi Jumamosi saa sita mchana, sisi tutoe dizeli na mafuta ya haidroliki. Baada ya hapo lingepelekwa Tarakea kuchimba misingi ya maghala, na lisingerudi kabla ya miezi mitatu.

“Likiharibika kwa mkono wako,” Elifuraha alimwambia, “usinitafute. Nitakutafuta mimi.”

Jumatano kijiko kiliila ardhi ile kama muhogo uliopikwa. Watoto walipiga kelele kila kilipoinuka. Hadi saa saba mchana mtaro ulikuwa umepita hatua tisini, na watu walikuwa wameanza kubishana nani atakinga ndoo ya kwanza.

Ndipo mpira mmoja wa mafuta ulipoanza kutoa jasho kwenye kifungio. Primus aliukaza, akapima tangi, akakuta mafuta yamepungua. Galoni la kijiji lilikuwa limekaa stoo muda mrefu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kutu. Mafuta machafu kwenye haidroliki ni sumu, hilo alilijua. Akachuma magamba makavu ya mgomba, akayachanachana kuwa nyuzi, akaviringisha tonge, akalifunga kwa uzi mwekundu aliouchomoa kwenye pindo la kitenge cha Mektrida, aliyekuwa amemletea chakula. Akalikandamiza tonge ndani ya faneli na kumimina polepole. Nyumbani kwao pombe ilichujwa kwa namna hiyo tangu hajazaliwa.

“Sasa unachuja mbege au mafuta?” Mektrida alimuuliza.

“Hili nalo likilewa ndipo linafanya kazi.”

“Kama baba yako.”

Watu walicheka. Kutu ilibaki kwenye nyuzi, mafuta yakashuka safi. Mimi nilisimama pale na cheti changu cha chuo nikaona ni akili kubwa. Alipomaliza, Primus aliing'oa faneli kwa haraka, akaitundika kwenye bawa la tairi, akarudi kitini.

Saa kumi mtaro ulifika kwenye mpaka wa Mzee Melkior.

Melkior alikuwa na miaka sabini na kitu, mmoja wa wachache waliokataa kung'oa kahawa bei ilipoanguka. Mpaka wake ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu haipandwi kama ua la kupamba. Isale likisimama ardhini, ardhi ina mwenyewe. Isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, linaomba msamaha, na mtu huyo hulikataa kwa shida sana. Melkior alikuwa ametupa ruhusa ya kupita bila kuomba chochote isipokuwa jambo moja: masale matano yaliyokuwa njiani yang'olewe kwa mkono, na yapandwe tena baada ya mtaro kufukiwa.

Primus alilitazama jua, akaitazama kazi iliyobaki. Akashusha kijiko. Masale yote matano yaliinuka mara moja, mizizi juu, yakaangukia kwenye rundo la udongo.

Mzee alikuwa amesimama palepale na fimbo yake.

“Umeyang'oa kwa chuma,” alisema.

“Mzee wangu, muda hautoshi. Nitayapanda mwenyewe.”

Melkior aligeuka, akarudi ndani. Jioni trekta lililala kwenye kihamba chake, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwa sababu ndipo kazi ilipoishia.

Alhamisi asubuhi Primus aliweka kiganja juu ya pampu, akawasha, akaanza. Robo saa haikuisha. Mkono wa kijiko ulipungua kasi, ukatetemeka, ukasimama katikati ya hewa na udongo mdomoni. Pampu ilitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake kwa miaka yote, mlio mkali na mkavu, kama mtu anayenyonya mrija kwenye glasi tupu.

Alizima. Akashuka. Alipima mafuta: tangi limejaa. Alizunguka trekta akipapasa kila mpira na kila kifungio: hakuna palipovuja. Alijaribu beleshi la mbele, nalo likapanda kwa kusuasua. Hapo alijua ugonjwa hauko kwenye silinda moja wala kwenye liva moja. Nyuma na mbele vinapolegea pamoja, shida iko kule nguvu inakotoka. Akawasha tena. Kijiko kikainuka kwa nguvu zake zote, watu wakashangilia, na baada ya robo saa kikafa vilevile.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Likipumzika, lina nguvu. Likifanya kazi, linazimia. Kufikia saa tano watu waliacha kushangilia wakaanza kunong'ona, na hawakunong'ona kuhusu pampu. Wazee waliyatazama masale yaliyolala juu ya udongo yakinyauka, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, “Wenye ardhi wamelishika mkono.”

Nilikasirika. Niliwaambia chuma hakina mababu. Kijiko kilikuwa kimesimama tena.

Mchana alikuja Hosea, fundi wa Moshi mjini, na boksi la spana na ovaroli safi kuliko mashati yetu ya kanisani. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

“Mangi, pampu hii imekwisha. Imezeeka kama siasa yetu.”

“Mbona ikipumzika inafanya kazi?”

“Hata babu yangu akipumzika anafanya kazi. Mwambie alime heka moja.”

“Na valvu ya presha?”

“Twende tuikaze, roho yako itulie.”

Alikaza skrubu ya valvu nusu mzunguko, kisha nusu tena. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mpira mmoja uliovimba kama shingo ya mtu anayegombana, na Primus akamshika mkono. “Rudisha. Utanipasulia.” Hosea aliirudisha, akafuta mikono. Pampu mpya, alisema, ingeagizwa Nairobi. Wiki mbili, kwa kubahatisha.

Wiki mbili! Primus alimtazama mkewe aliyekuwa ameketi juu ya bomba, mikono kiunoni. Miaka tisa aliitumikia mashine ile ikiwa mali ya watu. Siku moja tu aliomba iwatumikie watu, na siku hiyo ndiyo ikamgomea.

Alifungua kidogo kizibo cha chini ya tangi, akakinga mafuta kiganjani. Kulikuwa na unyuzi mmoja wa kahawia, mwembamba, wenye urefu wa kucha. Aliugeuza kwenye mwanga. Mafuta aliyachuja mwenyewe, kwa hiyo uchafu huu umetoka wapi? Trekta lililala wapi jana? Nani alikuwa na kinyongo?

Alivuka mtaro kwa miguu mizito, akasimama mbele ya Mzee Melkior, mbele ya watu sitini.

“Mzee, umetia nini kwenye tangi langu?”

“Unasemaje?”

“Nasema jana lilikuwa zima. Limelala kwako, limeamka gonjwa. Kama ni masale, ungenitukana mimi. Wamekukosea nini hawa wanawake?”

Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Ukweli ni kwamba sikutaka sana. Mzee mkaidi na mti wake, kijana fundi na maji: mimi nilikuwa nimekwisha kuamua nani mwovu.

Melkior aliichomeka fimbo ardhini. “Nilitoa ardhi ya baba yangu,” alisema, “nikaomba mikono tu. Leo mimi ni mchawi wa mafuta.” Akageukia watu. “Mtaro umeishia hapo ulipo. Atakayepitisha jembe kwangu, apite kwanza juu yangu.”

Akaenda zake ndani. Watu walitawanyika bila kuagana. Kutoka mpakani mwa Melkior hadi zahanati zilikuwa hatua mia na themanini, na mia na thelathini kati ya hizo zilikuwa ndani ya kihamba chake. Njia nyingine haikuwapo. Upande huu korongo, upande ule nyumba.

Ijumaa Primus alikuwa peke yake na trekta. Aliliwasha, akaacha kijiko kikifanya kazi hewani, akiitazama saa yake. Dakika kumi na tatu, mlio ukaanza. Akazima, akasubiri, akawasha. Dakika kumi na mbili. Aliketi kwenye tairi akashika kichwa. Pampu iliyokwisha haiponi kwa kupumzika, alijiambia. Pampu iliyokwisha, imekwisha. Hii inanyimwa mafuta, inavuta hewa tu. Kuna kitu kinavutwa kikaziba njia ya mafuta, na injini ikizimwa kinaachia na kuzama. Kipo ndani ya tangi. Kipo kwenye chujio.

Mektrida alipofika na bakuli la kiburu cha ndizi alimkuta amelala chini ya trekta. Mafuta yote yalikuwa yamekingwa kwenye madumu na sufuria mbili za nyumbani kwake.

“Hizo sufuria zangu, Primus.”

“Nitaziosha.”

“Kwa maji yapi?”

Hakucheka. Alikuwa anafungua chujio la tangi, kikopo cha wavu kinachokaa kwenye mdomo wa bomba linalokwenda kwenye pampu. Kilitoka kimevaa nyuzi za kahawia, zimekizunguka na kukibana kama mkono wa mtoto ulioshika kidole. Aliziparua kwa kisu. Katikati yake, ukiwa umeloa mafuta lakini bado mwekundu, ulikuwapo uzi wa kitenge.

Wote wawili waliutazama. Primus aligeuka taratibu, akaitazama faneli kwenye bawa la tairi. Ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu tangu Jumatano. Tonge lilishuka na mafuta, likafumuka ndani ya tangi, naye hakuangalia, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufika mpakani mwa mzee.

“Ni wangu,” Mektrida alisema polepole.

“Ni wangu mimi. Wewe ulitoa uzi tu.”

Primus aliukunja uzi kiganjani. Kisha akasema, “Hakuna aliyeona. Nitasema ni kutu. Nitasema mashine ni kuukuu.”

“Na Mzee Melkior?”

“Nitamwomba radhi kwa maneno makali. Si lazima...”

“Atakuuliza nani alitia uchafu. Utasema nani?”

“Mektrida, Elifuraha akisikia nimeziba pampu yake kwa magamba ya mgomba, ataniondoa siku hiyohiyo. Nina kazi gani nyingine duniani? Wewe na mtoto mtakula nini?”

Mektrida alijishika mgongo, akakaa kwenye ngazi ya trekta. “Ukibaki na kazi na mzee asifungue njia, nitapanda ile pikapu. Mimi siwezi kuipanda mara ya pili, Primus. Nakwambia mapema. Afadhali nijifungulie hapa kwenye mtaro.”

Primus alilisafisha chujio kwa petroli hadi wavu ukang'aa. Akachuja mafuta upya kwa kanga safi, mara tatu. Alipowasha, kijiko kilifanya kazi hewani nusu saa nzima bila kulegea, na pampu ikavuma sauti yake ya zamani, nzito, ya kujaa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Jumamosi, jua linachomoza, Primus alichukua jani kutoka kwenye isale mojawapo aliloling'oa yeye mwenyewe, akalifunga fundo, akapiga hodi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba.” Melkior aliliona jani, akachelewa kulipokea. “Kwa ajili ya masale au kwa ajili ya matusi?”

“Kwa vyote. Uchafu ni wangu. Nilichuja mafuta kwa magamba ya mgomba, tonge likaingia tangini.” Akafungua kiganja, akaonyesha uzi.

Mzee aliutazama uzi, akalichukua jani. “Hili nimelipokea. Lakini ulinitukana mbele ya watu sitini, na hapa tuko wawili. Hao wengine nitawaambia mimi?”

Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kilikuwa kimeitwa kufanya kazi ya pamoja. Watu walikusanyika mtaroni saa moja na nusu. Na ndani ya gari lililopanda kilima kwa kunguruma, mapema kuliko tulivyotarajia, alikuwamo Elifuraha mwenyewe na dereva wake wa Tarakea.

Primus alimwona. Nilimwona Primus akimwona. Angeweza kungoja. Angeweza kusema nusu. Alipanda juu ya rundo la udongo, jasho likimtoka na asubuhi bado ya baridi, akasema yote: faneli, tonge, uzi, masale, na jinsi alivyomsingizia mzee wa watu. Alipomaliza, watu waligeuka kumtazama Mzee. Melkior aliinua lile jani lenye fundo juu ili kila mtu alione, kisha akasogea pembeni na kuielekeza fimbo yake ndani ya kihamba. Njia ilikuwa wazi.

Elifuraha alicheka kwanza. “Watu wa Kibosho! Kuchuja pombe mnaweza, mafuta yamewashinda.” Kisha akaacha kucheka. “Shuka hapo, Primus. Nilikwambia nitakutafuta.”

“Tajiri, trekta ni zima. Sikiliza mwenyewe.”

“Leo zima. Kesho utalitia ndizi. Niache mashine kwa mtu anayechuja mafuta kwa magamba?”

“Hadi saa sita,” Primus alisema. Hakuwa anaomba tena kazi, tuliona. “Ulituahidi hadi saa sita. Niache nichimbe.”

Elifuraha alitutazama. Tulikuwa tumelizunguka gari lake, na hakuna aliyeshika kitu kibaya, majembe tu. “Ahadi yangu ni ahadi,” alisema. “Saa sita na dakika moja, usiguse hata tairi.”

Masale ya mpaka wa upande wa pili, mtaro utakapotokea, yaling'olewa kwa mikono na wanawake, yakalazwa kwenye majani mabichi. Primus alichimba kwa saa nne bila kushuka. Alianza na sehemu ngumu zote, akiruka zile laini, na dereva wa Tarakea alidhani ni mazoea mabaya mpaka alipoelewa: alikuwa anatuachia sisi kile ambacho majembe yanaweza.

Saa sita zilibaki hatua arobaini za udongo mwekundu. Primus alizima. Aliweka kiganja juu ya pampu, iliyokuwa moto sasa, akakiacha pale muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akashuka na kumkabidhi mwenzake ufunguo.

Nikasema kwa hasira, ili Elifuraha asikie, kwamba nchi inayomfukuza mtu kwa sababu ya kusema kweli haiendi popote, hata ikiuza kila kitu ilicho nacho. Elifuraha alifunga mlango wa gari. Primus aliniambia, “Chukua jembe, wewe.”

Melkior alikuwa amekwisha kuanza, koti limetundikwa kwenye mti wa kahawa. Mektrida aliketi juu ya bomba la mwisho, macho ameyafumba, mikono miwili tumboni. Muuguzi alimuuliza kama ni uchungu.

“Chimbeni tu,” alisema. “Huyu bado ananisubiri. Lakini hana subira ya baba yake.”

Trekta liliteremka barabarani na mtu mwingine kwenye kiti. Kwenye kona dereva aliinua kijiko kisiguse ukingo wa mawe, na mvumo wa pampu ukatufikia. Primus alisimama, jembe begani, kichwa ameinamisha upande, akisikiliza mpaka trekta lilipopotea nyuma ya migomba.

“Haivuti hewa,” alisema, akaingia mtaroni.